Shehe Aliyetumwa Kumfukuza Mwalimu

Katika chuo kimoja cha ualimu mjini Mutsamudu, mimi, mkaguzi wa vyuo, niliketi nyuma ya darasa pamoja na shehe mmoja mzee niliyetoka naye Moroni. Alitumwa kuamua kama mwalimu mgeni kutoka Sri Lanka, mfuasi wa Buda, afukuzwe, kwa kuwa wazazi walidai anafundisha ibada ya masanamu.

Mgeni hakujitetea. Aliwaambia wanafunzi wafumbe macho, wafuate pumzi zao, kisha kila mmoja amkumbuke mtu ambaye yeye mwenyewe alimvunja moyo jana.

Binti mmoja akainuka, machozi yakimlenga, akamwita mwalimu kwa jina la heshima la huko. “Fundi, nilimjibu mama kwa ukali. Naomba niende nikamtake radhi.”

“Nenda,” akasema mgeni. “Hesabu zitakusubiri.”

Nikanong’ona, “Shehe, tuandike nini?”

Tasbihi ilikuwa imesimama mkononi mwake. “Andika abaki. Aya ya kuwatendea wema wazazi wawili nimeifundisha miaka arobaini, wala sijapata kumfungulia mwanafunzi mlango akaitende.”

Tulipotoka alikataa teksi. Akaelekea mtaa wa Hombo kwa miguu, kwa ndugu yake ambaye hakusemezana naye tangu siku mamluki walipotua visiwani kupindua serikali. Nimekagua vyuo vingi. Sijaona kingine kilichomfunza aliyekuja kukihukumu kabla hajatoka langoni.