Nyumba ya Mawe Kisiba

Picha za nyumba ile zilikuwa nzuri mno, na mimi kitu kikiwa kizuri mno huanza kukitafutia kasoro. Kuta za mawe meusi, baraza pana, migomba hadi dirishani. Mume wangu alitaka tupumzike wiki mbili mbali na joto la Morogoro. Mimi nilitaka kujua kwa nini nyumba kama hiyo, karibu na ziwa la Kisiba, haikuwa na mtu mwezi wa Desemba.

Kasoro niliipata siku ya pili. Mwenye nyumba, mzee wa kanisa aliyefiwa na mkewe, alikuwa amehamia kibanda cha uani ili sisi wapangaji tukae kwa nafasi, ila asubuhi alipenda kuota jua barazani. Maziwa tuliletewa na mwanamke wa nyumba ya jirani. Hakuja moja kwa moja kama watu. Alisimama kwanza kwenye migomba, akachungulia baraza, akasikiliza. Mzee akiwepo, alizunguka nyuma, akaacha chupa kwenye dirisha la jikoni na kuondoka mbiombio, kajifunika kanga hadi puani. Mzee asipokuwepo, alikuja mbele mchangamfu kabisa, akaniuliza habari za Morogoro. Nikajisemea, huyu anamkwepa mzee kwa sababu mzee anamjua.

Wiki ikaisha, ufunguo wa mlango wa jikoni haupo. Nilipekua kila mahali, au niliamini hivyo. Mume wangu alisema nimuulize tu yule mama kistaarabu. Lakini mimi nilitaka kumkamata, siyo kumuuliza, tena mbele ya shahidi. Asubuhi nikamwalika mzee chai sebuleni, nikamkalisha nyuma ya mlango bila kumwambia nani anakuja. Mwanamke alichungulia, akaona baraza tupu, nami nikamwita aingie ndani. Alipofika katikati ya sebule niliufunga mlango, nikamuuliza ufunguo wangu uko wapi.

Alikuwa amemwona mzee. Chupa ilimtoka mkononi, akapiga magoti, akajifunika kanga kichwa kizima. Mzee naye alikuwa ameshageuzia uso ukutani.

"Fungua mlango, mama," alisema bila kugeuka. "Huyo ni mkamwana wangu. Tangu aolewe na mwanangu hatujawahi kukaa chumba kimoja."

Nikafungua, akatoka ameinama. Mzee alinieleza kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami yeye. Ndiyo heshima yao. Siku hizi wengi wameacha, hata wenzake kanisani humtania, lakini wao wawili walikuwa wameitunza miaka yote bila doa. Ufunguo niliukuta mchana huo kwenye mfuko wa koti langu. Niliona aibu.

Nilikwenda kwa yule mama kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniita mwizi mbele ya kijiji kizima, ningekataa na wangeniamini," alisema. "Hili la kuonana na baba nitalikataaje, na ni kweli?"