Tangazo la Nyuki

Wifi yangu ana koo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hugeuka kutafuta waya umetokea wapi. Hata umeme ukikatika, yeye husikika nyumba ya tano. Kaka yangu alipomwoa, watu walisema amepata mke na mtambo kwa mpigo mmoja. Mtaa mzima unamwita Spika, naye anaitika bila kinyongo.

Kazi yao ni gari la matangazo. Kaka anaendesha, tena anaendesha taratibu kama anayempeleka mgonjwa hospitali. Spika anakaa kiti cha pembeni na maikrofoni yake, na juu ya paa kuna vipaza sauti viwili vya bati, kimoja kinatazama mbele na kingine nyuma. Maji yatakatika wiki hii, utamsikia yeye. Magodoro yameshuka bei, ni yeye. Mtoto kapotea sokoni, ni yeye tena, na mtoto huyo hupatikana kabla gari halijamaliza mtaa wa pili, maana akitangaza Spika hata aliyelala anaamka kutafuta.

Lakini kuna jambo moja la kumjua, na ninalisema kwa upendo: wifi yangu hana dogo. Kusamehe anakusikia tu kwa watu. Jirani mmoja aliwahi kusema msibani kwamba Spika analia kwa sauti ili ajipatie wateja. Basi mwaka mzima, kila gari lilipofika mbele ya geti la jirani huyo, tangazo lilikatwa katikati na sauti ikasema kwa upole, "Tunamsalimia jirani yetu wa geti la bluu, pamoja na mdomo wake." Kisha magodoro yakaendelea. Yule mama mwishowe akapaka geti lake rangi ya kijani. Siku iliyofuata akasalimiwa jirani wa geti la kijani, lililokuwa la bluu.

Mimi ni dada wa mume, nakaa nao nyumba moja, na dada wa mume anatarajiwa amchokonoe mke wa kaka yake. Nimejaribu. Mtu wa namna hii simwezi, na kumchukia pia simwezi.

Wana mtoto mmoja wa kike, miaka sita. Alizaliwa mnene, mashavu yamejaa, na sisi tukamwita Kibonge kabla hata kitovu hakijakauka. Lilikuwa jina la mapenzi. Ukimwita alikuja mbio, tumbo mbele, mwenyewe nyuma.

Mwaka huu darasa lake, la kwanza, liliambiwa kila mtoto aje na vazi la maigizo, awe mnyama au mtu wa kazi fulani, na wazazi waalikwe kutazama. Kibonge akataka kuwa nyuki. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Kwa sababu nyuki ana sauti kubwa kama mama." Sijawahi kumwona wifi yangu akilengwa na machozi ila siku hiyo.

Basi nyumba ikageuka karakana. Kaka alinyoosha waya wa kipaza sauti kibovu, akaupinda ukawa mabawa, nasi tukauvisha kipande cha chandarua. Spika alichukua fulana ya njano akaizungushia tepu nyeusi, ile ya kufungia nyaya za umeme, mstari kwa mstari, mtoto kasimama juu ya stuli mikono juu kama anayepekuliwa na polisi. Zile pembe mbili za kichwani tulizitengeneza kwa vifuniko vya sifongo vya maikrofoni za zamani. Lilikuwa vazi zuri. Nasema hivyo nikijua mimi ni shangazi, na bado nasema.

Shule haina vipaza sauti, kwa hiyo iliazima vya Spika, naye akavipeleka mwenyewe asubuhi na mapema. Aliyeshika maikrofoni ni mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke nadhifu, mwandiko mzuri ubaoni, na ulimi uliochongoka. Watoto walipita mbele mmoja mmoja, na kila mmoja akapata lake. Mvulana aliyevaa koti la udaktari lililomfika miguuni aliulizwa, "Daktari, hilo koti umemvua maiti?" Wa simba akaulizwa kama yeye ni simba au paka aliyenyeshewa. Watu wakacheka. Ikafika zamu ya Kibonge. Alipita mabawa yakitikisika, anavuma kwa nguvu zake zote. Mwalimu akamwangalia kutoka juu, macho yakatua tumboni, pale mistari ya tepu ilipokuwa imeachana kidogo.

"Nyuki gani huyu?" akasema kwenye maikrofoni. "Kala asali, kala na mzinga."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka wazazi, walicheka walimu, walicheka watoto wa madarasa ya juu waliokuwa wamejazana madirishani. Na maneno yale yalitoka kwenye vipaza sauti vyetu wenyewe. Mtoto akavuma hatua chache tena, kisha sauti ikakatika. Akaweka mikono miwili tumboni, akaenda kukaa.

Jioni hiyo hakula. Tukasema amechoka. Asubuhi mkate wake tuliukuta ndani ya kiatu cha baba yake. Siku zilivyokwenda akawa anafunga mkanda wa gauni la shule mpaka unamwachia alama. Mtoto aliyekuwa akigombania kukomba sufuria sasa alisukuma sahani katikati ya meza na kusema ameshiba, hajagusa hata tonge. Siku moja nilimwita Kibonge kama kawaida. Akanitazama, akasema, "Shangazi, usiniite hivyo." Basi nikaacha, na wote wakaacha. Mashavu yakaanza kushuka. Mtoto wa miaka sita anaogopa chakula, fikiria. Nilitaka kumkaba yule mwalimu kwa mikono yangu hii ninayouzia viatu vya mitumba, na ningepata nafasi ningemkaba.

Wazazi wengine nao walikuwa wakinung'unika, baadhi yao wale wale waliocheka. Mama wa yule daktari mdogo alisema mwanawe amelitupa koti chooni. Spika akawakusanya, wakaenda kwa mwalimu mkuu, nami nikafuatana nao ili nione.

"Jamani, ule ulikuwa utani," mwalimu mkuu akasema. "Ilikuwa siku ya furaha. Watoto wenyewe walicheka."

"Wangu hakucheka," Spika akasema. "Wangu hali chakula."

"Atakula, mama. Mtoto azoee utani mapema. Dunia haitamdekeza."

Mwalimu wa darasa aliitwa. Aliposikia habari akainua mabega. "Nilisema kile ambacho kila mtu alikiona," akajibu, akaangalia saa yake.

Wale wazazi wengine wakageuza macho, huyu dirishani, huyu kwenye viatu. Spika akainuka, akatangulia mlangoni. Ukimwona wifi yangu amenyamaza, ondoa vyombo vya kuvunjika mezani. Tulipofika nje, kaka alikuwa akisubiri garini. Alimtazama mkewe mara moja tu akaelewa.

"Mama watoto," akasema, "hili tuliache lipite."

"Halipiti. Dawa ya moto ni moto. Washa gari."

Nilikuwa kwenye kibanda changu namjaribisha mteja kiatu nilipolisikia mara ya kwanza. Lilikuja katikati, baada ya habari za maji na kabla ya magodoro, kwa sauti ile ile ya kazi, safi, bila hasira.

"Tangazo, tangazo. Mwalimu wa darasa la kwanza, mbele ya wazazi na wanafunzi, alimwambia mtoto mdogo aliyevaa vazi la nyuki maneno yafuatayo: Nyuki gani huyu, kala asali, kala na mzinga. Narudia. Nyuki gani huyu, kala asali, kala na mzinga. Maneno ni ya mwalimu. Sisi hatujatia chumvi."

Nilicheka mpaka mteja akaondoka na kiatu kimoja mguuni. Huyo ndiye wifi yangu. Hakutukana, hakuzusha, hakumtaja mtoto. Alimrudishia mtu mali yake, basi. Na akawa anamrudishia kila siku, asubuhi na jioni, sokoni, stendi, karibu na nyumba anayopanga mwalimu, na hasa ng'ambo ya geti la shule saa za masomo, ili mwenyewe asikie akiwa na chaki mkononi.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwalimu alikuja sokoni kununua nyanya, muuzaji akamuuliza kama amfungie na asali. Vijana wa pikipiki walipomwona walianza kuvuma, mmoja akidakia kwa mwenzake mpaka mwalimu anakata kona. Akabadilisha njia ya kwenda kazini, na gari nalo likabadilisha. Mwalimu mkuu alitoka getini mbio, anapunga mikono kama anayefukuza kunguru. Spika akateremsha kioo.

"Ni utani tu, mwalimu mkuu," akamwambia. "Dunia haitakudekeza."

Tuliirudia hiyo nyumbani jioni nzima, kila mtu akiigiza vile mikono ilivyopunga. Kaka peke yake hakuigiza. Alikuwa akimtazama mtoto, ambaye alikaa na sahani yake mbele, amegeuzia uso ukutani.

"Bado hali," kaka akasema.

"Atakula," Spika akajibu. "Yule mwanamke akinyenyekea mbele yake, atakula. Ngoja kwanza ashibe maneno yake mwenyewe."

Na aliamini hivyo. Msidhani alikuwa amemsahau mtoto kwa sababu ya ugomvi. Usiku alikuwa akimpima mikono kwa vidole akidhani hatumwoni. Aliamini kabisa kwamba ile aibu ni mzigo, na ukiutua kwa mwenyewe, mtoto atasimama wima.

Mwalimu alikuja mchana wa Jumamosi, peke yake, mtandio umeteremka hadi kwenye nyusi. Macho yalikuwa yamevimba. Alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba magotini, na ule ulimi wake wote ulikuwa umeishia wapi sijui. Spika hakumkaribisha hata maji.

"Nimekuja kuomba radhi," mwalimu akasema. "Nilikosa. Ninakiri nilikosa. Sasa silali, mama. Mwenye nyumba wangu ananiita nyuki."

"Pole," Spika akasema, kwa sauti isiyo na pole hata chembe. "Lakini mimi hukunikosea. Mwenyewe yupo."

Akamwita mtoto. Alikuja akasimama mlangoni, gauni limemlegea mabegani, mkanda umebanwa mpaka tundu la mwisho. Mwalimu alipomwona hivyo alishuka kutoka kwenye kochi, akapiga magoti sakafuni, palepale kwenye saruji.

"Mwanangu, nilikosea sana. Vazi lako lilikuwa zuri kuliko yote. Nisamehe mwalimu wako."

Hapo nilimtazama wifi yangu. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, amepumua kama mtu aliyefikisha gunia juu ya ghorofa. Nami nilikuwa nimejisogeza nisikose hata chozi moja la yule mwanamke, na kila chozi nililifurahia.

"Haya, mama," Spika akamwambia binti yake, na sauti ile kubwa ilikuwa laini kwa namna ambayo sijapata kuisikia. "Umemsikia? Amepiga magoti kwa ajili yako. Sasa utakula?"

Mtoto alimwangalia mwalimu, kisha akamwangalia mama yake.

"Mwalimu alisema siku ile tu," akasema. "Wewe unasema kila siku."

Spika akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajaelewa. "Nasema nini, mwanangu?"

"Ile ya mzinga. Darasani gari likija wanafungua madirisha wasikie. Halafu wananiangalia. Wanaimba kama unavyoimba wewe."

"Lakini mimi sikukutaja jina. Hata mara moja sikukutaja."

"Nyuki nilikuwa peke yangu," mtoto akasema.

Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Aliinamisha kichwa, na nikajua kwamba hili yeye alikuwa amelijua siku nyingi, akashindwa kulisema. Spika aliondoka ukutani. Akanyoosha mkono amvute mwanawe kwake, na mtoto akarudi nyuma hatua moja, akasogea upande wa mwalimu, aliyekuwa bado amepiga magoti, akamshika mkono wa blauzi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mwambie mama aache."