Ulimi Wangu na Soko la Ulaya

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha nilikuwa nimesimama katika chumba cha kuonjea kahawa, Bukoba, nimeshika kikapu kidogo cha emwani. Emwani ni kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ikakaushwa. Mgeni akiingia kwa Mhaya hupewa hiyo kwanza. Mgeni wa siku hiyo alikuwa Mzungu, ofisa wa Soko la Pamoja la Ulaya. Alikuja na nafasi moja ya masomo huko kwao, ya mwonjaji mmoja.

"Ma Yustina, mpitishie mgeni," Meneja akaniambia. "Wewe ni mama, unajua kukaribisha."

Mezani, kwenye kiti changu, alikuwa amekaa Fideli, mwonjaji mwenzangu.

Mwonjaji hatafuni emwani. Huo ndio mwiko wa kwanza wa kazi, maana ladha yake hung'ang'ania ulimini. Nikatia mkono kikapuni, nikajaza kinywa, nikatafuna mbele yao wote.

"Unaharibu ulimi!" Fideli akashtuka.

"Ulimi wa nani? Wa mkaribishaji?"

Sasa ninyi wasichana mnaomaliza kidato cha nne, mnaodhani kazi ya kahawa ni kuvaa koti jeupe, ngojeni niwaeleze kile kiti nilikipataje.

Nilianza Kamachumu, Uhuru ukiwa bado mpya, nikiwa karani wa mizani katika chama cha msingi. Siku ya kwanza Karani Mkuu, Mlutheri asiyecheka, alinishikisha konzi ya maganda, yaani tunda la kahawa lililokaushwa zima. "Tikisa sikioni. Likilia, pokea. Likinyamaza, lirudi juani." Hilo nililimudu ndani ya wiki moja. Lililonishinda ni kuwatangazia wakulima bei. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, bei imeshukaje? Mibuni yangu ni ile ile." Nikamjibu nilivyofundishwa, kwamba bei inatoka London. "Basi huyo London aje kibanjani, chini ya mibuni, tuongee."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mizani, sikucheka.

Baadaye nilihamishiwa Bukoba mjini. Mkuu wa Maabara alinifundisha kuonja: unavuta kijiko kwa kelele mpaka kahawa ipande puani, kisha unatema. "Usione aibu, binti. Mwenye adabu mezani hafai hapa." Nikajifunza kutambua kahawa iliyoanikwa kwenye udongo mtupu, na iliyolala karibu na moshi. Emwani nikaiacha kabisa. Mama mkwe wangu, kule Nshambya, alininyooshea yake siku nilipokwenda kumsalimu, nikakataa. Kwetu huwezi kukataa emwani ya mama mkwe. Alisema, "Mke wa mwanangu ameukataa mkono wangu," na hakuniita tena mpaka nilipojifungua. Niliubeba ugomvi huo kwa ajili ya ulimi.

Niliporudi kutoka likizo ya uzazi, nikamkuta Fideli, niliyemfundisha mwenyewe kutema, amekaa kwenye kiti changu. Mimi nikawekwa kuosha vikombe na kupokea wageni.

Basi siku ile ya kikapu mgeni alizungumza, Fideli akitafsiri. Waingereza nao wameshaingia Sokoni, akasema. Kahawa yetu mbichi inakaribishwa. Tukiikaanga wenyewe na kuipeleka tayari, ushuru unapanda. Nikamuuliza, emwani ikiwa bado mdomoni: na mkulima wa kwenu, bei ikishuka?

Alifurahi kuulizwa. Siagi ikizidi, akasema, serikali zao huinunua, zikaifungia kwenye maghala ya baridi mpaka bei ipande.

Niliona wivu, na sioni aibu kuuandika. Nilimwonea wivu mwanamke asiye na jina, huko Uholanzi, anayekamua ng'ombe akijua siagi yake ina mtu wa kuinunua. Sisi tunahimizwa kuhamia vijijini, tulime pamoja, tujitegemee. Wao nao wana ujamaa wao, ila wa kwao unawanunulia siagi. Halafu nikamtazama Fideli anavyotabasamu, kama vile siagi ni yake, na ule wivu wa mbali ukapata mtu wa karibu.

Mgeni alipotoka nilimfuata Meneja ofisini.

"Ndugu Meneja, kwa nini nafasi ya masomo umempa Fideli?"

"Unanyonyesha, Ma Yustina. Ulimi wa mama anayenyonyesha hautulii. Na huyo mtoto utamwacha kwa nani?"

"Ulimi wangu umepimwa lini?"

"Nenda nyumbani. Una hasira."

"Ninayo. Nipe jibu, nitaondoka nayo."

Akanifungulia mlango nitoke. Nikaandika lalamiko, nikalipeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, fundi wa mashine ya kukoboa, mtu mpole. Akasoma nilichoandika, akakuna kichwa. "Dada, weka 'naomba kufikiriwa'. Wakubwa hawapendi 'nalalamika'."

"Kuomba ni kanisani."

Akacheka, lakini akapokea na kugonga muhuri. Kuna wenzangu walioniambia nimemwonea wivu kijana wa watu. Nimewajibu ndiyo. Niliyoyawasilisha ni haya:

"Mimi, Yustina, mwonjaji, nalalamika kwamba nafasi ya masomo ya Ulaya imetolewa bila waonjaji kupimwa. Sababu niliyopewa ni mtoto. Fideli ana watoto watatu, na hakuna aliyemuuliza atawaacha kwa nani. Nadai tuonjeshwe wote wawili vikombe visivyo na alama, mbele ya kamati, kabla mgeni hajaondoka Bukoba. Mtoto nitakuja naye."