Nilimsingizia Shangazi Siku ya Harusi

Jamani, mwenye makosa ni mimi. Si shangazi, si maji, si kitambaa. Mimi! Nasema hapa kwa sababu hamnijui, na hata mkinitukana sitasikia.

Mimi ni kijana wa kiume, wa Kanamkemer hapa Lodwar, na chuoni nasomea sayansi ya familia na walaji. Wazee huiita sayansi kimu. Watu wa boda boda mtaani kwetu wananiita Mama Jikoni. "Ejok, Mama Jikoni!" wananisalimu kwa Kiturukana. "Leo mmefundishwa kukoroga uji?" Nilikuwa nacheka nao, lakini moyoni natafuta siku ya kuwafunga midomo.

Siku ikaja. Rafiki yangu Deng, ambaye familia yake ilitoka Sudan Kusini na ina duka Kakuma, akaniambia dada yake Achol anaolewa. "Wewe si unasoma kushona? Mshonee gauni." Nikakubali hata kabla hajamaliza.

Nikaenda Kakuma kumpima bibi harusi. Weee! Nikakuta kaka zake wote wamekaa ukutani, warefu kama nguzo za stima, wananitazama. Nitoe tepu nimzungushie dada yao kiunoni, mbele yao? Mkono ulikataa kabisa. Shangazi yao Abuk, aliyemlea Achol tangu mama yake afariki, akaniuliza, "Kijana, wewe hapana pima?"

"Sisi wa chuo tunapima kwa macho, shangazi." Nilisema hivyo! Kwa mdomo wangu!

Nikashona kwa kukisia. Gauni likapendeza mpaka mwalimu akalisifu. Nikamtumia shangazi ili alihifadhi. Akanipigia simu, akataka Achol alijaribu kwanza. Nikakataa. "Msilifungue mpaka nije, litashika vumbi."

Asubuhi ya harusi likafunguliwa, Achol akaingia ndani yake. Ai! Likaishia chini kidogo tu ya magoti. Zipu ikakwama mgongoni, haipandi wala haishuki. Achol akaanza kulia, kaka zake wakanigeukia.

Na mimi nikamgeukia shangazi. "Ulilifua? Kitambaa hiki hakitaki maji. Kikiloa kinarudi, kinakuwa kifupi."

"Mimi? Mimi hapana gusa!"

Nani angemwamini yeye mbele ya mtu wa chuo? Achol akamwambia, "Shangazi, umeniharibia siku yangu. Usije kanisani." Niliyasikia maneno hayo nikiwa nimeshika sindano mkononi. Nafasi ya kusema ukweli nilikuwa nayo, haki ya Mungu nilikuwa nayo. Nikanyamaza.

Wakaazima gauni la mama mmoja wa kwaya. Harusi ikaendelea, pilau ikaliwa, na mimi nikaongezewa sahani. Fikiria uso nilionao!

Baadaye Achol akahamia Juba na mumewe. Siku moja Deng akanidokezea, tunapiga tu stori, kwamba tangu harusi dada yake hajampigia shangazi hata simu moja. Usingizi ukaniisha. Nikasafiri mpaka Kakuma, nikamkuta mama wa watu anachambua maharagwe. Nikamwambia yote.

"Mimi najua," akasema bila kuinua kichwa. "Siku ile najua. Lakini mimi nataka harusi, hapana taka vita."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. "Si mimi. Ambia Achol." Akanipa simu yake.

Nikamwambia Achol kila kitu. Nikangoja matusi, tena ningefurahi kutukanwa.

"Mpe shangazi simu," akasema tu.

Wakaongea kwa lugha yao, wakalia, wakacheka kidogo, wakalia tena. Mimi nimekaa pale sijui nitazame wapi. Mmoja wa kaka zake Achol naye alipopata habari aliniambia nisikanyage kwao tena, na mpaka leo Deng hapokei simu zangu. Namkumbuka sana yule jamaa, lakini nitamlaumu kwa lipi?

Sasa nyinyi mnaosomea ufundi wowote, msione aibu kutoa tepu. Na ukikosea sema pale pale, hata kama kaka za mtu wamekukazia macho! Usingoje kama mimi, useme wakati umeshakula pilau ya watu.

Maana siku ile niliyokwenda kuungama, kabla sijaondoka, Achol alimtumia shangazi picha zote za harusi. Shangazi hakujua kuzifungua, akaniomba nimsaidie. Tukakaa bega kwa bega tukazitazama moja moja, yeye akisema, "Ngoja, rudisha hiyo." Hayumo hata kwenye moja.