Antena ya Sumaku

Nichekeni tu, nimestahiki. Nilikuwa namuuzia Mzee Hamad wa Wingwi gari yangu, na nilimwapia kwamba haijapata ajali. Aliipenda, ila alitaka antena ya redio bila bodi kutobolewa. Nikajitia ufundi, nikaleta antena ya sumaku.

"Hii inabandikwa tu, mzee."

Nikaiweka juu ya paa, ikateleza ikaanguka. Nikafuta vumbi nikaibandika tena, ikaanguka tena. Hapo ndipo nilipokumbuka jinsi fundi wa bodi alivyolijaza paa lile puti, lile rojo la kuzibia mabonyeo ya bati.

"Sumaku mbovu," nikasema.

Bi Asha, mkewe, akaiokota akaigusisha mlangoni. Ikashika ndi! Kisha akaligonga paa kwa kidole, akamtazama mumewe.

"Ilipinduka wapi?" Mzee akauliza taratibu.

"Pujini," nikajibu, mdomo ukiitangulia akili.