Barua Iliyosomwa Nusu

Katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kitale, mahali ambapo mahindi ya jirani yanachungulia madirishani, kulikuwa na mwalimu wa biolojia aliyeitwa Madam Figo. Jina lake halisi lilikuwa Jentrix Wakonyo. Hilo la Figo alipewa na wasichana wa kidato cha tatu siku aliyoingia darasani na figo ya ng'ombe kutoka buchani, akaipasua kwa wembe juu ya gazeti na kuwaonyesha mkojo unakotengenezwa. Wasichana wawili walikimbilia nje kutapika. Wa tatu aliuliza kama anaweza kuishika, na huyo Jentrix alimpenda mwaka mzima.

Tangu utotoni alitaka udaktari, na udaktari wenyewe ulimpita kwa pointi mbili katika mtihani wa kidato cha nne. Serikali ikampeleka kusomea biokemia. Aliisoma vizuri, akahitimu shahada ya daraja la pili la juu mwaka 2004, akarudi nyumbani Bungoma kukuta kijiji kizima kikimuuliza biokemia inatibu nini. Babake, Mzee Wangila, alichoka kueleza. Yeye mwenyewe hakuelewa sana, lakini alikuwa na mdomo, na mtu mwenye mdomo hashindwi kujibu. Alisema ni kitu kilicho jirani na udaktari, kimetenganishwa na ua tu.

Basi Jentrix akaenda kufundisha Kitale, akiajiriwa na bodi ya shule muhula kwa muhula. Mapema mwaka 2006 aliona tangazo kwenye gazeti la chumba cha walimu: chuo kikuu kimoja kinachofundisha udaktari kilitaka watu sita waliokwisha kuhitimu shahada za sayansi. Sita tu, nchi nzima. Alilikata lile tangazo kabla mwenzake hajalifungia chapati. Alijaza fomu kwa wino mweusi kama ilivyoagizwa, akaambatanisha vyeti, na kwenye anwani akaandika sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini kwao. Ajira yake Kitale ingeweza kukatika mwisho wa muhula wowote, na barua kama hiyo si ya kupotea. Habari ya karo naiacha. Kila aliyesomesha mtoto anaijua, na asiyeijua hataamini.

Barua ilifika mwezi wa Juni, mikononi mwa Mzee Wangila. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Inafaa mumwelewe mzee huyu. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha karatasi kule Webuye, kwenye mitambo, na katika miaka hiyo yeye na wenzake walijifunza namna moja ya kusoma barua za ofisi. Barua ilikuwa na maneno mawili tu ya maana. Ikianza na "tunafurahi," mtu alikunja karatasi, akaitia mfukoni na kwenda kununulia wenzake soda. Ikianza na "tunasikitika," alikunja vilevile na kwenda nyumbani. Yaliyofuata yalikuwa Kiingereza cha makarani, nao makarani walilipwa kukiandika; watu wa mitambo hawakulipwa kukisoma. Kwa miaka ishirini na sita njia hiyo haikumwangusha hata mara moja.

Ile barua ya chuo ilianza kwa kufurahi. Mzee Wangila aliikunja, akaitia ndani ya Biblia, kisha akaenda kwa jirani kuazima simu.

"Jumapili uje kanisani," alimwambia Jentrix. "Usikose."

"Kuna nini, baba?"

"Wewe kuja tu."

Jentrix alifika Jumapili nyimbo zikiwa zimeanza, akaketi nyuma na kina mama. Wakati wa shukrani babake alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la kustaafia, lenye beji ya kampuni kifuani.

"Wapendwa, Bwana asifiwe. Mimi ni mtu ya maneno kidogo," alianza, na watu wakacheka kwa sababu wanamjua. "Leo niko na moja tu. Mtoto yangu Jentrix ameingia udaktari. Si ya ng'ombe. Ya watu!"

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Kukhu Phelista, ajuza wa boma la pili, ambaye watoto wote wa kijiji walimwita kukhu, yaani nyanya. Ajuza huyo akipiga kigelegele, hata mbwa wa barabarani wanasimama kusikiliza. Kina mama wakamwinua Jentrix, wakamzungusha kanisani kwa wimbo, naye akapita mbele ya babake akiwa amenyoosha mkono.

"Baba, barua iko wapi?"

Mzee aliichomoa kwenye Biblia kwa mbwembwe, akampa. Jentrix aliisoma akiwa bado anazungushwa. Chuo kilifurahi kumjulisha kwamba jina lake limo miongoni mwa watu arobaini na mmoja walioitwa kwa usaili. Tarehe ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Aliikunja tena palepale. Babake alikuwa akipeana mikono na watu wa safu tatu kwa mpigo, uso unang'aa, na Jentrix hakuwa na moyo wa kuuzima uso huo. Ukweli usemwe: alinyamaza.

Mchana wageni walijaa nyumbani. Kuku wawili walikuwa wamekwisha kupoteza maisha kwa ajili yake. Katikati ya kula, Kukhu Phelista aliburuta kiti mpaka mbele ya Jentrix, akaketi, akaanza kufungua kitambaa alichofunga mguuni.

"Mimi niwe wa kwanza," alisema. "Si uangalie hii mguu. Haiumi, lakini inakataa kupona."

Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, kirefu kuingia ndani, na kingo zake zilikuwa nyeusi. Jentrix alikiinamia kukitazama. Alijua kidonda kisichouma kina maana gani. Nyuma ya kukhu alimwona mzee mmoja akishika shavu kwa ajili ya jino, mama mmoja mwenye kikohozi, na msichana aliyebeba mtoto mwenye upele. Walikuwa wamepanga foleni, wenyewe, bila kuambiwa. Angesema tu kukhu akioshe kwa maji ya chumvi, wote wangerudi kwao wameridhika, na babake angelala usingizi mtamu.

"Kukhu," alisema, na akaipandisha sauti ili asirudie mara mbili. "Mimi si daktari. Barua haijasema nimeingia. Nimeitwa tu kuulizwa maswali. Tuko watu arobaini na mmoja, na watachukua sita."

Mzee wa jino aliachia shavu lake. Mzee Wangila aliangalia sahani yake kana kwamba paja la kuku limemwita jina.

"Kwa hivyo haujaingia?" Kukhu Phelista aliuliza.

"Bado."

"Na mguu?"

"Mguu tunaupeleka hospitali kesho asubuhi. Mimi na wewe."

Wageni waliaga mapema, kwa adabu kubwa iliyouma kuliko matusi. Walipobaki wawili, mzee alivua koti, akalikung'uta, akalivaa tena.

"Umenivua nguo mbele ya watu, bana. Si ungemwambia pole pole, kando?"

"Na wale wengine waliokuwa wamepanga laini, baba?"

"Wangengoja. Ukishaingia, nani atauliza?"

"Na nisipoingia?" Jentrix alianza kukusanya sahani. "Watasema binti ya Wangila alidanganya kanisa. Heri waseme wewe ulikosea kusoma."

"Miaka ishirini na sita nimesoma balua hivyo," mzee alisema, akaingia ndani.

Asubuhi Jentrix alimpakia Kukhu Phelista kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya boda boda, akaandamana nayo kwa miguu mpaka hospitali ya wilaya, akishika ule mguu usigonge kitu. Walimpima damu. Ilikuwa sukari, na kukhu alikuwa ametembea nayo miaka bila kuijua. Mhudumu aliyemsafisha kidonda alisema wangechelewa wiki mbili wangekuwa wanazungumza habari ya msumeno. Kukhu alilazwa, akaanza siku hiyohiyo kulalamika juu ya uji. Jentrix alirudi Kitale akijua mambo mawili: kwamba alifanya sawa, na kwamba babake hakumsindikiza hata mpaka barabarani.

Usaili wenyewe hakuweza baadaye kuueleza vizuri. Walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu. Waliuliza habari za protini akajibu, za damu akajibu. Wakauliza kwa nini mwalimu mwenye kazi yake aanze upya na watoto waliotoka kidato cha nne juzi. Alikuwa amekariri jibu zuri sana, lenye taifa na maendeleo ndani yake. Likamtoka kichwani lote. Akasema, "Wiki jana niliuona mguu wa jirani. Nilijua una nini, na sikuwa na ruhusa ya kuugusa. Nimechoka kujua tu."

Mmoja aliandika kitu. Mwingine akamuuliza mfupa ulio chini ya kile kidole gumba unaitwaje.

"Silijui jina lake," Jentrix alisema. "Nitalitafuta leo."

Alitoka nje akiwa na hakika amejizika mwenyewe.

Wiki zilifuatana. Kutoka nyumbani zilimfikia habari kwamba kukhu amerudi anatembea, na kwamba sokoni watu wanamwita babake Baba Daktari huku wakiangaliana. Mzee alikuwa ameacha kwenda sokoni. Kanisani alikaa karibu na mlango, akitoka kabla ya salamu. Hilo lilimsumbua Jentrix kuliko usaili. Akiikosa nafasi hii atabaki na kazi yake, wanafunzi wake na figo zake za buchani. Babake atabaki na lile jina.

Mwisho wa Julai, wavulana wa Bungoma wakiwa wameanza kuzunguka na njuga kualika watu kwenye tohara ya Agosti, Jentrix alikuwa ubaoni akichora moyo. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Wangila, koti lake mwilini na kofia mkononi, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga shule ile. Wasichana arobaini walisimama pamoja na kumwamkia. Mzee akawaitikia kama aliyetarajia.

"Ni balua," alisema, akatoa bahasha. "Sijaifungua."

Ilikuwa kweli, ingawa ilikuwa imeshikwashikwa mpaka pembe zimelegea. Jentrix aliuliza kwa nini hakupiga simu.

"Simu inasoma? Fungua. Lakini usianzie juu. Anzia mwisho."

"Baba, barua haisomwi kutoka mwisho."

"Hii tutaisoma hivyo. Huko juu kulishanidanganya."

Jentrix alifungua, akafunika sehemu ya juu kwa kiganja, maana kumbe naye alikuwa anaogopa. Chini kabisa kulikuwa na sahihi ya msajili. Juu yake, orodha ya vitu vya kuja navyo. "Picha nne za pasipoti," alisoma. "Vyeti halisi. Makoti meupe mawili."

"Makoti meupe ya nini?" mzee aliuliza.

"Ya kuvaa tukifundishwa, baba. Maabarani na wodini."

Wasichana walielewa kabla ya mzee. Madawati yakaanza kupigwa, mbao juu ya mbao, mpaka darasa la jirani likaitikia bila kujua kwa nini. Mzee Wangila alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yamegusa kidevu, akavua miwani na kuifuta kwa kofia kwa muda mrefu sana. Jentrix alisimama mbele ya moyo wake wa chaki akilia na kucheka. Alijivunia, na hakuona haya hata kidogo kujivunia.

"Sasa soma na huko kwingine," babake alisema hatimaye. "Polepole. Mpaka tarehe."

Jumapili, wakati wa shukrani, Mzee Wangila hakukaa karibu na mlango. Alitembea mpaka mbele, akavaa miwani, akafungua ile karatasi.

"Wapendwa, Bwana asifiwe," alisema. "Mara ya kwanza nilisoma neno moja. Leo nitasoma yote."

Na aliisoma yote. Alianza na jina la chuo, akaja sanduku la posta, namba ya simu, namba ya faksi, namba ya kumbukumbu na tarehe. Alisoma Kiingereza chote cha makarani, neno kwa neno, kila moja akilibadilisha kidogo kwa matamshi yake. Alisoma kwamba Jentrix Wakonyo Wangila amechaguliwa kusomea udaktari wa binadamu, na hapo kanisa likataka kulipuka, lakini akainua mkono, akaendelea. Alisoma siku ya kuripoti, picha nne, makoti mawili. Watoto walisinzia. Mchungaji aliangalia saa mara mbili. Hakuna aliyetoka.

Alipofika mwisho, Kukhu Phelista alisimama kutoka benchi la kina mama, fimbo mkononi, viatu vya turubai miguuni. Viatu viwili.

"Umemaliza, Wangila?"

"Nimemaliza, mama."

"Mpaka kwa sahihi?"

"Mpaka kwa sahihi na muhuri."

"Basi," alisema kukhu, akamkabidhi jirani fimbo yake, "sasa nipige kigelegele," na akapiga.