Kilo Sabini na Tano za Waridi

Katika mtaa wetu wa Timbwani, Likoni, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuchagua skii, na mtu huyo ni Bi Mwanasaumu wa mahamri. Alizichagua vizuri. Nasema haya mapema kwa sababu baadaye watu walisema mengi, na wengi wao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na sehemu ya lawama ni yangu.

Skii ni mbao mbili ndefu, nyembamba, ambazo watu wa Ulaya hujifunga miguuni ili wateremke mlima uliojaa theluji. Asiyeelewa kwa nini mtu mzima afanye hivyo asiniulize mimi. Nilikuwa karani bandarini miaka ishirini na sita, nikihesabu magunia yanayoshuka melini, na katika magunia yote hayo sikuwahi kuona la theluji.

Bi Mwanasaumu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mumewe alifariki mwaka wa sabini na tisa, akamwachia minazi kumi na minne huko Shika Adabu na binti mmoja, Waridi. Minazi ndugu wa mume waliigawana kabla ya arubaini. Yeye akabaki na binti. Akaanza kukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi pale uani kwake, kila asubuhi, mvua au jua. Hana maneno mengi. Mteja akilalamika kwamba mahamri ya leo ni madogo, humtazama tu, mpaka mteja ajione yeye ndiye mdogo.

Waridi alisoma hadi kidato cha nne, akapata kazi ya kutunza mashuka katika hoteli moja ya Shelly Beach. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu akaja fundi kutoka Austria, jina lake Franz, kutengeneza vyumba vya baridi vya hoteli hiyo. Alikuja kwa wiki mbili. Vyumba vya baridi vilipona kwa wiki moja, Franz akakaa miezi minane. Akasilimu, akaitwa Faraji, akaja kuposa kwa adabu akiwa na wazee wawili wa msikitini, na nikaha ikafungwa mwezi wa nane mbele ya watu.

Hata hivyo maneno hayakwisha. Watu wa kwetu hawatofautishi fundi na mtalii, mradi wote ni wekundu. Walisema Waridi kaokotwa ufukweni. Bi Mwanasaumu hakuwajibu, lakini moyo ulimuuma, kwa sababu alihofia kwamba na huko ukweni wataamini vivyo hivyo: wameletewa mtoto wa njaa, asiye na kwao.

"Karani," aliniambia siku moja, yeye asiyependa kueleza mambo yake, "sitaki mwanangu aingie nyumba ya watu kama paka aliyefuata harufu ya samaki."

Mwezi wa kumi Faraji alikuwa ameshatangulia kwao, na Waridi alikuwa Nairobi akifuatilia viza. Ndipo ilipofika bahasha nene. Ilitoka kwa mama yake Faraji, Bi Gertrud, ambaye Timbwani nzima ilimwita Bi Getrudi. Ndani mlikuwa na kitabu cha picha, fomu moja na barua ya Kijerumani. Tukamwita Idarus, anayefanya kazi mapokezi ya hoteli. Idarus Kijerumani chake kakipata kwa wageni, na hata akisoma barua ya kheri utadhani anaagiza bia.

Barua ilisema hivi. Katika nyumba yao, kila bibi harusi hupewa skii na mavyaa yake, naye anapoingia mara ya kwanza huzikuta zimesimama mlangoni, tayari kwa kuvaliwa. Na kwa kuwa hakuna anayemjua binti kuliko mama yake, Bi Getrudi alimwomba Bi Mwanasaumu amchagulie Waridi skii kitabuni na kujaza ile fomu. Kulikuwa na mgeni wa hoteli anayerudi Austria kesho yake mchana. Karatasi ingekwenda naye.

Bi Mwanasaumu alijifuta unga mikononi. "Ni heshima hiyo," alisema. "Tuchague."

Nilidhani tungemaliza kwa dakika tano, kwa kuonyesha kidole popote. Hakuonyesha kidole popote. Alimfanya Idarus asome kila ukurasa. Kulikuwa na skii za mashindano, akazikataa. Mwanangu anakwenda kwa mumewe, alisema, hendi kushindana na mtu. Kulikuwa na za theluji laini tupu, na za njia zilizopigwa pasi tupu, nazo akazikataa. Halafu Idarus akafika kwenye skii za mlima mzima, zinazokwenda kwenye laini na kwenye ngumu, pembeni na katikati.

"Hizo," alisema Bi Mwanasaumu. "Mume ndiye atakayempeleka, nasi hatujui atampeleka upande gani. Sitaki mwanangu afike mahali aambiwe wewe hapa hupiti."

Idarus akasema hata hizo ziko za kiume na za kike. Za kike ni nyepesi, zinapinda kwa urahisi, na kile kifungio cha kushikia kiatu kimesogezwa mbele kidogo.

"Kwa nini mbele?"

Idarus alisoma, akasita, akatazama ukuta. "Wanasema uzito wa mwanamke umekaa nyuma, Bi Mwanasaumu."

"Aliyezitengeneza ana akili," alisema. "Endelea."

Urefu wake ulitakiwa ufike kati ya kidevu na pua ya mvaaji. Bi Mwanasaumu alikwenda mlangoni akapima kwa shubiri, kwa kuwa anajua Waridi akisimama kizingitini hubakisha shubiri mbili na vidole vitatu juu ya kichwa. Mimi nikageuza kuwa sentimita. Rangi, akakataa nyeupe. Kitu cheupe kwenye weupe, kikianguka utakitafuta wapi? Akachukua nyekundu. Baadaye nilikuja kusikia kwamba mwenye duka huko Austria aliisoma ile karatasi akamwuliza Bi Getrudi kama mama wa binti ni mwalimu wa skii.

Kisha tukafika kwenye kifungio. Idarus alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Kifungio kina springi. Mtu akianguka vibaya, springi inaachia, kiatu kinachomoka, skii inakwenda zake na mguu unabaki salama. Springi hukazwa kwa kufuata uzito wa mtu na uendaji wake. Mzito na mwenye kasi hukaziwa sana, mwepesi na wa polepole hulegezewa.

"Kwa hiyo kinavuka chenyewe?" aliuliza Bi Mwanasaumu.

"Kinavuka ukianguka."

"Kiatu kinachokuvuka mbele za watu hicho si kiatu, ni fedheha," alisema. Idarus akaendelea na fomu. Ni kijana wa adabu.

Fomu iliuliza uzito. Hapo mimi nilikuwa na jibu, kwani karatasi ya daktari ya viza nilikuwa nimeijaza mimi: kilo hamsini na mbili. Nikaweka kalamu niandike.

"Ngoja," alisema. "Mfuko wa simiti una kilo ngapi?"

"Hamsini."

"Basi wataka mimi niwaandikie watu, kwa mkono wangu, kwamba nimewapa mfuko wa simiti na kilo mbili juu? Waseme kwao hawali? Waseme mama anakaanga mahamri, mwana anayatazama? Andika sabini na tano."

Nilimwambia kwamba uzito huu si wa sifa, ni wa springi. Nikamwambia mara ya pili. Akanitazama kama anavyowatazama wateja. Ningeweza kuandika ukweli kwa siri, msomaji utaniambia. Usiniambie. Herufi za kizungu Bi Mwanasaumu hazijui, lakini tarakimu anazijua kuliko mimi, na alikuwa ameinama juu ya bega langu. Nikaandika sabini na tano.

Swali la mwisho lilikuwa uendaji. Viboksi vitatu: wa polepole, wa kadiri, wa kasi. Waridi hajawahi kuona theluji hata kwenye friji, kwa maana tulikuwa hatuna. Nikapeleka kalamu kwenye cha kwanza.

"Sikumzaa goigoi," alisema Bi Mwanasaumu. "Cha tatu."

Nikatia alama cha tatu. Alichora unyayo wa Waridi kwa kufuata ndara zake za zamani, tukafunga bahasha, nami nikaenda kunywa chai. Niseme kweli, nilijua tumekosea, na chai nilikunywa vilevile.

Waridi alirudi na viza, akasafiri mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, amevaa nguo zake zote kwa pamoja kwa kuogopa baridi. Hatukumwambia habari za fomu, kwa sababu skii zilikuwa ziwe za kumshtukiza mlangoni.

Barua yake ya kwanza ya maana ilifika katikati ya Januari. Nilimsomea mama yake uani. Alikuwa amevunjika mguu wa kushoto, mfupa wa muundi, siku ya tatu ya kujifunza, kwenye kilima cha watoto. Hakuwa hata na mwendo. Aliinama upande, skii ikapinda kulia, mguu ukabaki ndani yake. Fundi wa duka aliletewa skii azikague. Alisema kifungio kimekazwa namba nane, na mtu kama Waridi, tena mwanafunzi, huwekewa tatu na nusu. Alisema wao walifuata karatasi.

Bi Mwanasaumu aliniuliza ni karatasi gani. Alijua ni karatasi gani. Nikamjibu kwamba ni ile yetu.

Siku tatu hakukaanga. Wateja walikuja na bakuli zao wakaondoka nazo. Siku ya nne akawasha jiko, na mahamri yakatoka yameungua upande mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nimjue. Hakuna aliyelalamika.

Mwanzoni mwa Februari, kama wiki moja kabla ya mfungo, ikaja barua ya Bi Getrudi. Idarus aliisoma asubuhi, wanawake watatu wa mtaani wamesimama pale pale wakingoja mbaazi, na Bi Mwanasaumu hakuwafukuza. Idarus alisoma polepole, na kwa mara ya kwanza hakuna bia iliyosikika.

"Dada yangu," ilisema barua, "ulinikabidhi binti wa kilo sabini na tano, mwepesi wa mwendo. Hospitali wamempima, ana hamsini na mbili. Wiki sita nyumbani mwangu amepungua kilo ishirini na tatu, na mimi sikuona, kwa sababu ya makoti. Springi ilikuwa sawa kwa binti uliyenipa. Mimi ndiye niliyemharibu. Nikimwuliza huniambia hajambo, lakini ni mtoto wa adabu, hawezi kunishtaki. Sasa namlisha mara tano kwa siku naye anakula huku machozi yanamtoka. Ukitaka arudi kwako apone, nitamlipia tiketi, na mwanangu nitamweleza mwenyewe. Nisamehe."

Mmoja wa wale wanawake, ambaye ndiye aliyeanza maneno ya kuokotwa ufukweni, alitikisa kichwa akasema kumbe watu wa huko wana imani.

Nami hapo nikatoa ushauri, kwa kuwa ndiyo kazi ya mwanamume mstaafu. Nilisema jambo limejitengeneza lenyewe. Hakuna aliyedhani Waridi katoka kwenye njaa. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyeiona njaa nyumbani mwake. Tumwandikie kwamba tumemsamehe, asimpe tiketi, na yaishe. Idarus akasema naye aonavyo, heshima yote iko upande wetu.

Bi Mwanasaumu aliepua karai, akaliweka chini, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

"Hiyo heshima nimeipata," alisema. "Naikalia nini? Mama wa watu analia kwa kosa langu. Mwanangu analishwa kwa nguvu na hasemi, kwa sababu akisema ataniaibisha. Kavunjika mguu, na bado ananifichia mimi. Leta kalamu, Karani."

"Bi Mwanasaumu," nilisema, "watu wapo."

"Nawaona. Andika. Mwanangu Waridi ana kilo hamsini na mbili. Ndivyo alivyo tangu alipokoma kukua. Alikula kwangu mpaka akashiba kila nilipokuwa nacho, na siku ambazo sikuwa nacho hakula, wala mimi sikula. Hajui kwenda kasi. Wewe hukumpunguza hata ratili. Mimi ndiye niliyeongeza."

Aliyasema kwa sauti ile ile anayohesabia mahamri, na wale wanawake watatu wakisikia. Niliandika. Idarus alikuwa akigeuza neno kwa neno kwa Kijerumani pembeni, akaniomba nisiende haraka.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikamsomea yote. Alisikiliza akitazama tarakimu, akaweka kidole juu ya hamsini na mbili, akahakikisha.

"Haya," alisema. "Na mwisho andika kwamba nilipompa, ile miguu yote miwili ilikuwa mizima."